Kwa nini mashudu ya mfanyabiashara huishia kwenye mkojo wa ng'ombe

Kiangazi kinapokolea, kuanzia Julai hadi mvua za vuli zinapoanza, biashara ya ng'ombe kati ya kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya hubadilika sura. Kwenye mnada wa Meserani wilayani Monduli, na ng'ambo ya Namanga kwenye soko la Bissil katika Kaunti ya Kajiado, huanza kuingia madume wenye mbavu za kuhesabika. Mnunuzi anayetafuta nyama ya kesho huwapita bila kugeuza shingo. Mnunuzi mwenye zizi na subira husimama, huwapapasa mgongo, hutazama meno, kisha huanza kubishania bei.

Hesabu yake ni rahisi kueleza. Ananunua mifupa kwa bei ya mifupa, analisha miezi miwili au mitatu, anauza nyama. Faida yote iko hapo katikati, na hasara nayo iko hapo hapo. Kinachoamua ni chakula: mashudu ya alizeti kutoka Singida na Dodoma, mashudu ya pamba kutoka Shinyanga na Simiyu, pumba za mahindi, molasi kutoka viwanda vya sukari. Bidhaa hizo nazo huvuka mipaka kwa malori, kwa hiyo hata asiye na ng'ombe hata mmoja anaweza kuwa ndani ya biashara hii.

Lipo jambo ambalo wanenepeshaji wengi wameliona bila kulipatia maelezo. Watu wawili wananunua madume wa umri mmoja kutoka eneo moja, wanalisha mashudu ya mfuko uleule, na baada ya wiki sita mmoja ana ng'ombe waliojaa mabega na mwingine ana ng'ombe walewale aliowanunua. Wa pili hulaumu mbegu, hulaumu minyoo, hulaumu aliyemuuzia mashudu. Wakati mwingine ana haki. Lakini mara nyingi jibu liko kwenye harufu inayomchoma macho anapofungua zizi alfajiri. Harufu hiyo ni amonia inayotoka kwenye mkojo, na sehemu kubwa ya amonia hiyo ilikuwa protini aliyoilipia kwa fedha yake.

Ili kuelewa protini hiyo ilipitaje mwilini hadi ikafika chini ya kwato, inabidi kuanza na tumbo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia ni wanyama wanaocheua, na chakula chao huanzia kwenye tumbo kubwa la kwanza ambalo wataalamu huliita rumeni. Kwa ng'ombe mkubwa tumbo hilo huweza kubeba zaidi ya lita 100. Ndani yake wanaishi vijidudu wasiohesabika, bakteria kwa sehemu kubwa, na hao ndio wanaoyavunja majani ambayo mwili wa ng'ombe peke yake usingeweza kuyafanya chochote. Ukuta wa ndani wa tumbo hilo una vinyweleo vinene kama taulo, na ndiyo maana wauza supu wengi huliita kwa jina hilo hilo.

Mashudu yanapoingia humo, ng'ombe hayali moja kwa moja. Vijidudu ndio wanaokula kwanza. Sehemu kubwa ya protini wanaivunja hadi kuwa amonia, kisha wanaitumia amonia hiyo kujijengea miili yao wenyewe. Baadaye vijidudu hao husukumwa na chakula kwenda matumbo ya mbele, hufa, humeng'enywa, na miili yao ndiyo protini kubwa ambayo ng'ombe anajengea misuli. Kwa maneno mengine, mfanyabiashara halishi ng'ombe. Anawalisha vijidudu, na ng'ombe anawala vijidudu.

Tatizo huanza pale amonia inapotengenezwa kwa kasi kuliko vijidudu wanavyoweza kuitumia. Inayobaki hupenya ukuta wa tumbo na kuingia kwenye damu. Amonia ni sumu, kwa hiyo ini huiwahi na kuigeuza kuwa urea, ambayo mwili unaweza kuivumilia. Kemikali hiyo haina tofauti yoyote na urea iliyo kwenye mfuko wa mbolea dukani. Kazi hiyo ya ini inatumia nguvu, ambayo nayo imenunuliwa kwa chakula. Kisha urea inazunguka kwenye damu ikiwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni figo, mkojo, na sakafu ya zizi. Ya pili ni kurudi tumboni.

Njia hiyo ya pili ndiyo inayomfanya mnyama anayecheua awe tofauti na nguruwe au kuku. Urea hurudi kwenye rumeni kwa njia ya mate, maana ng'ombe humeza mate mengi sana kwa siku, na hurudi pia kwa kupenya moja kwa moja kutoka kwenye damu kupitia ule ukuta wenye vinyweleo. Mara inapofika upande wa pili, bakteria waliojishikiza ukutani huivunja tena kuwa amonia, na vijidudu wanaitumia upya. Mnyama anaokota kile ambacho kingemwagika. Watafiti waliopima jambo hili wamekuta kwamba mara nyingi kati ya asilimia 40 na 80 ya urea inayotengenezwa na ini hurudi kwenye njia ya chakula badala ya kutoka kwa mkojo. Mnyama akiwa na njaa ya protini uwiano hupanda zaidi. Akiwa na protini ya kumwaga hushuka.

Wa kwanza kuwashangaza wanasayansi kwa tabia hii alikuwa ngamia. Mwaka 1957 Bodil na Knut Schmidt-Nielsen pamoja na wenzao, waliokuwa wamefanya kazi na ngamia katika Jangwa la Sahara, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba ngamia anayelishwa chakula kisicho na protini ya kutosha hutoa urea kidogo mno kwenye mkojo, na kwamba hata akidungwa urea mwilini, figo hazikimbilii kuitoa. Miaka miwili baadaye T. Richard Houpt, aliyekuwa mmoja wa kundi hilo, alionyesha kwa kondoo kwamba urea ya kwenye damu inarudi tumboni na kutumika, na kwamba sehemu kubwa hupitia ukuta wa rumeni kuliko inayopitia mate. Wafugaji wa Garissa na Moyale wangeweza kusema kwamba walijua ngamia hufaidi vichaka vilivyomshinda mbuzi. Sasa sababu mojawapo ikawa imepatikana.

Afrika Mashariki haikuwa nyuma. Huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kulikuwa na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO, lililohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Mapema miaka ya 1960 watafiti H. G. Livingston, W. J. A. Payne na M. T. Friend walichunguza jinsi ng'ombe wa ukanda huu wanavyotumia naitrojeni, yaani ile sehemu ya protini inayoigeuza kuwa amonia na urea. Mwaka 1962 jarida la Nature lilichapisha taarifa yao kuhusu utoaji wa urea kwa wanyama wanaocheua, na mwaka 1964 wakaanza kutoa mfululizo wa makala kuhusu ng'ombe wa Afrika Mashariki. Suala lililokuwa mbele yao ni lilelile linalomkabili mnunuzi wa Meserani leo: mnyama anaishije miezi minne kwenye majani makavu, na nini hutokea anapopewa chakula. Shirika hilo lilipotea pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977. Ng'ombe wakabaki, na kiangazi kikabaki.

Jibu la miaka iliyofuata linahusu ule ukuta. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba urea inajipenyeza tu, kama maji kwenye kitambaa. Siyo hivyo. Kwenye ukuta kuna protini maalumu za kuivusha, na ya kwanza kutambuliwa kwenye rumeni ya ng'ombe, mwaka 2005, iliitwa UT-B. Mwaka 2009 yakachapishwa matokeo ya kulinganisha ng'ombe waliolishwa sileji na wengine waliolishwa chakula cha nguvu chenye nafaka nyingi. Wale wa nafaka walikuwa na UT-B nyingi zaidi ukutani. Kwa hiyo idadi ya milango yenyewe hufuata kile kinachowekwa kwenye hori.

Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Ukuta wa rumeni ni kituo cha mpaka, na foleni yake inategemea hali ya upande wa pili. Mambo mawili yanatawala. Chakula chenye wanga unaochacha vizuri, kama pumba, mahindi au molasi, huwapa vijidudu nguvu, na mazao ya uchachu huo huchochea urea ipite kwa wingi kuja tumboni. Kinyume chake, amonia ikijaa tumboni huifunga njia: urea inayorudi hupungua, na ile iliyobaki kwenye damu hukimbilia figo.

Ukiyaweka hayo mawili pamoja, kitendawili cha wale wanenepeshaji wawili kinafunguka. Aliyemwaga mashudu mengi juu ya majani makavu, bila pumba wala molasi, aliijaza rumeni amonia isiyo na nguvu ya kuitumia. Akafunga mlango wa kurudishia urea na kufungua wa mkojo. Kadiri alivyoongeza mashudu ndivyo zizi lilivyozidi kunuka. Mwenzake aliyetoa mashudu kidogo na pumba za kutosha aliwapa vijidudu matofali na mafundi kwa wakati mmoja. Huenda hata alitumia fedha kidogo zaidi.

Hata hivyo, lipo kosa la upande mwingine, na ndilo la kawaida zaidi kwa ng'ombe anayetoka malishoni wakati wa kiangazi. Nyasi za ukanda wa joto zikishakauka, protini yake huweza kushuka chini ya asilimia 5. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hukosa naitrojeni, majani hukaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwa, na ng'ombe huacha kula kwa sababu tumbo bado limejaa. Anaweza kusimama mbele ya rundo la mabua akakonda. Ile akiba ya urea inayozunguka humsaidia asife, lakini haiwezi kumnenepesha, kwa kuwa anachozungusha ni kilekile kidogo alichonacho. Akimaliza hicho huanza kuivunja misuli yake mwenyewe, ile ambayo mnunuzi alikuja kuitafuta.

Kwa mnyama wa namna hii, protini ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kilo moja ya mashudu mazuri kwa siku huweza kumfanya ale majani mengi zaidi kwa sababu tu vijidudu wameamka. Baada ya wiki kadhaa, tumbo likishachangamka, ndipo wanga unapokuwa kikwazo na ndipo pumba inapolipa. Anayeanza na pumba na molasi nyingi kwa ng'ombe aliyetoka kwenye nyasi kavu hukaribisha balaa jingine, tumbo kuwa na asidi kali na mnyama kuharisha au kulemaa.

Kuna faida moja ya kuzungusha urea ambayo inafaa kujulikana na kila mwenye zizi mbali na makazi, au mwenye kibarua mmoja na ng'ombe 40. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa ng'ombe wanaokula nyasi duni yameonyesha kwamba mashudu ya siku mbili au tatu yanaweza kutolewa kwa mara moja, mradi jumla ya wiki isipungue, na ng'ombe wasiathirike sana. Siku ya kulishwa urea hupanda kwenye damu. Siku za katikati inarudi tumboni kidogo kidogo na kuwashikilia vijidudu. Mnyama mwenyewe ndiye ghala. Jambo hilo ni la mashudu, siyo la urea ya mfuko, na tofauti hiyo inaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo.

Kwa sababu kama vijidudu wanatumia amonia, na urea inageuka kuwa amonia, mtu mwenye hesabu lazima ajiulize: kwa nini asilishe urea yenyewe? Swali hilo ni la zamani na jibu lake ni ndiyo, kwa masharti. Artturi Virtanen wa Finland, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1945, alilisha ng'ombe wa maziwa chakula kisicho na protini kabisa, naitrojeni yote ikitoka kwenye urea na chumvi za amonia. Mwaka 1966 aliandika katika jarida la Science kwamba walitoa maziwa, bora kati yao wakipita kilo 4,000 kwa mwaka. Ila ng'ombe hao walizoeshwa polepole, walipewa wanga wa kutosha, na walikuwa na profesa mwenye Nobel anayewaangalia. Zizi la Kajiado au Longido halina hicho cha tatu.

Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kwa kuwa protini ina asilimia 16 hivi, gramu 100 za urea kwenye karatasi ni sawa na gramu 287 za protini. Ndiyo maana inavutia, na ndiyo maana inaua. Mashudu hutoa amonia kwa saa nyingi. Urea hutoa yote kwa muda mfupi sana. Ini likizidiwa, amonia hupita hadi kwenye ubongo. Kwa ng'ombe asiyezoea, gramu 0.3 hadi 0.5 kwa kila kilo ya uzito wake zikiliwa kwa mara moja zinaweza kumdhuru, na gramu 1 hadi 1.5 kwa kilo kwa kawaida humuua. Dume wa kilo 300 basi anaanza kuwa hatarini kwenye gramu 90, kiasi kinachotosha kwenye kiganja. Mwenye njaa na tumbo tupu yuko hatarini zaidi.

Kwa wanaoitumia, kanuni zinazofuatwa na wataalamu wa lishe ni kwamba urea isizidi asilimia 1 ya chakula chote kikavu cha siku, iambatane na molasi au nafaka, ichanganywe mpaka kusiwe na donge, na ianze kwa kiasi kidogo kinachopandishwa kwa wiki mbili hadi tatu. Ndama ambao tumbo lao la kwanza halijakomaa wasipewe kabisa. Soya mbichi isichanganywe na urea, kwa kuwa ina kimeng'enya kinachoivunja papo hapo. Njia salama zaidi kwa asiye na mizani nzuri ni kutibu majani: kilo 4 hadi 5 za urea zinayeyushwa kwenye maji lita 40 hadi 50, zinanyunyiziwa kilo 100 za mabua au majani ya mpunga, rundo linafunikwa kwa nailoni lisipitishe hewa kwa takriban wiki tatu, kisha linafunuliwa lipoe kabla ya kulisha. Matofali ya kulamba ya urea na molasi nayo yanasaidia kwa kuwa ni magumu, na ng'ombe hawezi kuyamaliza kwa pupa. Yakilowa mvua yakayeyuka, maji yake ni sumu.

Hapa ndipo mwenye lori la mashudu anapoguswa. Maabara nyingi hupima protini ya chakula cha mifugo kwa kupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Kipimo hicho hakiulizi naitrojeni imetoka wapi. Ukitia kilo moja ya urea ndani ya kila kilo 100 za mchanganyiko, cheti kitapanda kwa karibu pointi 2.9 za protini. Udanganyifu wa aina hii unajulikana katika biashara ya chakula duniani. Ni kanuni ileile iliyotumika China katika kashfa ya maziwa ya mwaka 2008, ila pale waliweka melamini. Mnunuzi wa Namanga au Busia anayelipia mashudu kwa asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi analipia namba.

Na si suala la kupunjwa peke yake. Mfuko uliotiwa urea asilimia 5 ungeonekana kwenye karatasi kuwa na pointi 14 za ziada za protini. Dume wa kilo 300 akila kilo 3 za mfuko huo atakuwa amekula gramu 150 za urea, yaani nusu gramu kwa kilo ya uzito wake. Hapo mfanyabiashara wa mashudu hatakuwa na kesi ya ubora wa bidhaa. Atakuwa na mizoga kwenye zizi la mteja wake, katika nchi nyingine, na simu inayoita. Anayetaka kujikinga huomba maabara ipime urea peke yake, kipimo ambacho kipo, na hutunza sampuli iliyofungwa kutoka kila shehena. Mkononi, chembe nyeupe zinazoyeyuka haraka kwenye maji na harufu ya amonia mfuko unapolowa ni dalili za kumfanya mtu asite kulipa.

Dalili za sumu kwa mnyama hazisubiri. Kati ya dakika 20 na saa moja baada ya kula, ng'ombe hutokwa na mate mengi, hutetemeka misuli, husaga meno, hupumua kwa shida, tumbo hujaa gesi, kisha huanguka na kurusha miguu. Huduma inayojulikana ni siki ya asilimia 5, lita 2 hadi 8 kwa ng'ombe mkubwa na nusu lita hadi lita 2 kwa mbuzi au kondoo, pamoja na maji baridi mengi. Siki hupunguza kasi ya amonia kupenya kwenye damu, na ubaridi hupunguza kasi ya urea kuvunjika. Inanyweshwa kwa mpira unaofika tumboni, na daktari wa mifugo ndiye anayefaa kuuingiza, kwa kuwa ng'ombe anayetetemeka akimiminiwa kinywani huweza kuvutia siki kwenye mapafu. Tatizo ni kwamba daktari mara nyingi yuko umbali wa saa mbili. Dumu la siki kwenye stoo ya zizi linagharimu kidogo kuliko mbuzi mmoja.

Malori yana hadithi yao. Gari lililoshusha mbolea ya urea leo linaweza kupakia ng'ombe kesho, na punje zilizobaki kwenye nyufa za sakafu zina ladha ya chumvi ambayo mnyama mwenye kiu huilamba. Mapipa yaliyoyeyushiwa mbolea hutumika kunyweshea. Mifuko iliyochanika hukaa karibu na hori. Sumu ya urea haitokani na anayelisha urea peke yake, bali pia na anayeihifadhi vibaya.

Safari yenyewe ina jambo lake, na hili huwakuta zaidi wanaovuka mipaka. Ng'ombe aliyezoea urea, ambaye ini lake na vijidudu wake wameshajipanga kwa wiki tatu, hupoteza mazoea hayo ndani ya siku moja hadi tatu akikosa chakula hicho. Siku tatu ni muda wa kawaida kabisa kwa mnyama anayenunuliwa mnadani, akalala kwenye boma la dalali, akasubiri kibali cha daktari wa mifugo na karatasi za kuhamisha mifugo, akavushwa, akashushwa kwenye zizi jipya. Anafika akiwa na njaa. Mwenye zizi, aliyeambiwa kwamba ng'ombe hao walikuwa wanakula chakula chenye urea bila shida yoyote, anawawekea kiasi kilekile cha zamani. Aliyemwambia hakudanganya. Ni siku tatu za njiani zilizobadilisha ukweli.

Kwa hiyo anayepokea ng'ombe kutoka ng'ambo huwapa kwanza maji na majani makavu ya kutosha kwa siku mbili tatu, na chakula chochote chenye urea huanza upya kutoka kiasi cha chini. Na pale mnadani, baada ya meno kutazamwa na mgongo kupapaswa, lipo swali moja zaidi la kumuuliza anayeuza kabla ya kushikana mikono: amekuwa akila nini, na mara ya mwisho alikula lini.